Kengele Isiyo Mnarani: Taashira katika Mchoro wa Kanisa la Frere Town

Mchoro tunaouhakiki hapa ni wa penseli, kazi ya mwanafunzi mmoja aliyekwenda Kisauni kulichora Kanisa la Emmanuel la Frere Town. Msalaba ameukoleza kuliko kitu kingine chochote. Chini yake, katika mnara aliojibunia, ametundika kengele. Mtazamaji huona utulivu wa mwito wa sala. Historia haikubaliani na usomaji huo.

Kengele mashuhuri ya Frere Town haimo kanisani. Imo katika kijijengo chake kando ya barabara, mahali ambapo lugha ya wenyeji imepaita Kengeleni. Mji huo ulianzishwa na wamishenari wa Church Missionary Society mnamo 1874 na 1875, baada ya mkataba wa 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Watu walionaswa majahazini na manowari za Kiingereza waliletwa hapo. Hawakuwa salama bado. Masimulizi ya mahali yanashikilia kwamba kengele ililia pia kuonya juu ya uvamizi. Basi sauti ile ile iliweza kumwambia mtu aje asali, au akimbie ajifiche. Mchoraji ameibakiza maana moja tu.

Msalaba nao una utata wake. Katika Kiswahili cha Kikristo, Kristo ni Mkombozi. Lakini kukomboa ni pia kutoa mali ili kilichoshikwa kiachiliwe. Mnamo Januari 1889, George Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa alitoa hati za uhuru kwa watoro zaidi ya 1,400 waliokimbilia vituo vya misheni, wengi wao Rabai, mabwana zao wakilipwa fidia. Aliyefidiwa ni bwana, si mtumwa! Waumini hao walipohubiriwa ukombozi, neno hilo kwao halikuwa sitiari hata kidogo: bei yao ilijulikana.

Pengine ndiyo maana tunavutiwa na uteuzi wa James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyeachiliwa, alipokiita kitabu chake cha 1934 Uhuru wa Watumwa. Hakusema ukombozi. Hatudai kwamba alilikwepa neno hilo kwa makusudi. Tunasema tu kwamba uhuru hauhitaji kumtaja mlipaji.

Katika mchoro wetu, upande ambako barabara ingepita umeachwa mweupe.