Mlimani: Kitanda, Sahani na Deni

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuzaliwa Mlimani. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kilianza katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wa kuhesabika. Shahada zao zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Walihamia kilimani mwaka 1964, kilomita 13 hivi kutoka katikati ya jiji, na tangu hapo maisha ya mwanafunzi wa pale hayajaachana na swali moja: nani analipia kitanda na sahani yake, na baadaye atadai nini?

Mwanzoni jibu lilikuwa jepesi: Serikali. Mwalimu Nyerere hakuficha masharti yake. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake riziki. Akishiba akatokomea, huyo ni msaliti.

Deni likaanza kudaiwa mwaka 1966. Wahitimu walitakiwa kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na katika miezi 18 ya kipindi hicho wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Oktoba 22 wanafunzi wakavaa majoho, wakaandamana hadi Ikulu, mabango yao yakidai kuwa afadhali ukoloni. Mwalimu alighadhibika. Wanafunzi karibu 400 walirudishwa makwao, miongoni mwao Samuel Sitta, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge. Kisa hiki husimuliwa kama kiburi cha vijana waliodekezwa, na kiburi kweli kilikuwepo. Lakini waliponyooshea kidole mishahara minono ya wakubwa, Mwalimu mwenyewe alikiri kuwa hapo wana hoja, akakata wake kwa asilimia 20. Miezi minne haikupita, Azimio la Arusha likatangazwa.

Waliofuata walikuwa watu wa aina nyingine kabisa. Mwaka 1967 kikaundwa chama cha wanamapinduzi, USARF, mwenyekiti wake akiwa kijana kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Jumapili, wakati wenzao wakiwa kanisani au wamelala, wao walikuwa darasani wakichambua Marx na Fanon, Walter Rodney akiwa miongoni mwa walimu wao. Museveni na wenzake walifika hadi maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO nchini Msumbiji. Mwaka 1968 walizima sherehe ya wanafunzi kuvaa matambara mjini kuchangisha fedha za hisani, wakisema ni kejeli kwa maskini. Walikuwa wakali, na nadhani hawakuwa watu wa kuchekacheka. Mwaka 1969 wakaanzisha jarida lao, Cheche: jina la Kiswahili, makala za Kiingereza, jambo ambalo kwa wanaharakati waliotaka kuzungumza na mkulima lilikuwa dosari kubwa. Hata hivyo ndimo Issa Shivji alimochapisha uchambuzi wake wa matabaka Tanzania. Novemba 1970 Serikali ikapiga marufuku jarida na chama pamoja. Nchi ya ujamaa ilikuwa imewanyamazisha wajamaa wake wenye bidii kuliko wote.

Haikuwa siasa tupu. Mwaka 1969 tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilipanda jukwaani, na sanaa za maonyesho zikapata makao Mlimani. Lakini kila kizazi kilikuwa na mgogoro wake. Julai 1971 alifukuzwa rais wa wanafunzi, Mkenya Symonds Akivaga, na polisi wakaingia chuoni. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na mawaziri. Mamia wakafukuzwa, na chama chao, DUSO, kikaondolewa kupisha chombo kilichokuwa chini ya chama tawala.

Kuna sura moja ambayo wahitimu wa zamani huipitia haraka. Usiku, mtu asiyejulikana, Punch, alibandika ukutani michoro na matusi, na aliyelengwa sana alikuwa msichana aliyemkataa mvulana. Uliitwa utani. Februari 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kunyanyaswa. Vyama vya wanawake, TAMWA kikiwa mbele, vilipaza sauti. Mapinduzi yaliyojadiliwa darasani hayakuwa yamefika bwenini.

Mwezi Mei mwaka huohuo chuo kilifungwa baada ya wanafunzi kugoma. Kisha ikaja sera ya kuchangia gharama, chakula cha bure kikaisha, na msamiati wa Mlimani ukabadilika. Mwanafunzi wa leo husubiri bumu, yaani fedha ya kujikimu, hupiga msuli (husoma kwa bidii) kwenye vimbweta, yaani meza na viti vya zege vya nje, huogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, na asipopata chumba hubebana kitanda kimoja na rafiki. Hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa Aprili 2017, ziliongeza nafasi 3,840. Maandamano sasa huwa ya bumu lililochelewa, na wazee wa enzi za Rodney huwacheka vijana kwamba wanapigania tumbo. Kejeli hiyo haina haki. Waliosoma kwa sahani iliyojaa walikuwa na wasaa wa kuifikiria Msumbiji.

Deni lenyewe halijafutwa. Limetolewa kwenye dhamiri likaandikwa kwenye daftari. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka 2005, na tangu sheria irekebishwe mwaka 2016, mhitimu aliyekopeshwa akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi hadi amalize kulipa.