Jina Linapogeuka Kitu

Ingia hoteli yoyote ya mtaani saa saba mchana. Mhudumu anakusikiliza, anageukia jikoni na kupaza sauti: "Chapo mbili, madondo!" Hajaeleza unga ukandwe vipi wala maharagwe yachemke muda gani. Ametaja majina tu. Muda si muda, majina hayo yako mezani, yanafuka mvuke.

Kwenye kompyuta, ujanja huu umekuwa na safari ndefu. Zamani, aghalabu, programu ilibeba kila kitu tumboni mwake. Ukitaka kubadilisha hata jambo dogo, ilibidi ufungue msimbo, uurekebishe, uijenge programu upya, kisha uisambaze tena. Ni kama kubomoa jiko kwa sababu mteja ameomba chai badala ya kahawa.

Hamu ya kutenganisha mashine na maagizo yake ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1804, huko Lyon, Ufaransa, Joseph Marie Jacquard alipata hataza ya mtambo wa kufumia uliosoma kadi zenye matundu. Fundi alibadilisha kadi, na maua kwenye kitambaa yakabadilika. Mtambo ulibaki ule ule.

Lakini kadi ziliongoza nyuzi ambazo tayari zipo. Kuumba kitu kipya kutokana na jina lake ni hatua nyingine. Lugha kama Smalltalk iliiweza mapema, ila Java, iliyotangazwa na Sun Microsystems mwaka 1995, ndiyo iliyoupeleka uwezo huo hadi kwenye mabenki na maofisi. Uipe Java jina la klasi, yaani ramani ya kitu, likiwa maandishi matupu. Itaitafuta klasi hiyo, itaipakia na kukuundia kitu chenyewe, programu ikiwa tayari inakimbia.

Mwaka uliofuata, wapenzi wa michezo waliuona ujanja huo bila kujua. Katika Quake, mchezo wa id Software uliotoka Juni 1996, kila ramani ilibeba orodha ya maandishi: jina la kiumbe, kisha mahali kitakaposimama. Mchezo ukisoma "monster_dog", ulitafuta kazi yenye jina hilo hilo katika msimbo wake, ukaiita, na jibwa likatokea. Basi kijana mwenye kompyuta nyumbani aliweza kuchora ramani yake na kuijaza majitu, bila kugusa injini ya mchezo.

Kisha wakaja watu wa maofisi. Mwaka 2002 Rod Johnson, Mwaustralia mwenye shahada ya uzamivu katika taaluma ya muziki, alichapisha kitabu kilichokosoa ugumu wa kuandika programu kubwa za Java. Msimbo ulioandamana nacho ndio uliozaa Spring, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2004. Humo uliandika faili la XML: kitu hiki kinaitwa hivi, klasi yake ni hii, na kinamtegemea yule. Spring ilisoma, ikaumba vyote na kuviunganisha. Ukitaka hifadhidata nyingine, badilisha mstari mmoja, uwashe programu upya, basi.

Raha ile ilikuwa na gharama. Mafaili yalinenepa yakafika maelfu ya mistari. Ukikosea herufi moja katika jina, hakuna aliyekuonya mapema, kwa sababu kwa kompyuta hayo yalikuwa maandishi tu. Kosa lilijitokeza programu ilipowashwa, pengine usiku, mbele ya wateja. Si ajabu kwamba tangu Spring 2.5 ya mwaka 2007, wengi walianza kuyarudisha maagizo hayo ndani ya msimbo.

Gharama kubwa zaidi ilikuwa bado. Ikiwa jina lililoandikwa linaweza kuwa kitu, je, nani anaruhusiwa kuandika? Januari 2013 ilifichuka kwamba Ruby on Rails ilikubali maombi ya XML yenye YAML ndani yake. YAML ile iliweza kutaja klasi, na mgeni asiyejulikana akaweza kuumba vitu ndani ya seva na kuendesha msimbo wake.

Desemba 2021 ikawa zamu ya Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu. Tangu 2013 ilikuwa na tabia ya kutafuta vitu vilivyotajwa kwa maandishi maalumu, hata pale maandishi hayo yalipotoka kwa mtumiaji. Mshambulizi aliandika anwani ya seva yake, kwa mfano kwenye chati ya Minecraft. Log4j ikaifuata, na kitu kilichorudi kikaweza kuendesha msimbo wake. Udhaifu huo ulipewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali, na wahandisi duniani kote wakakesha wakiuziba.

Kumbe kosa halikuwa kutaja majina. Kosa lilikuwa kumwacha yeyote apitaye barabarani apaze sauti kuelekea jikoni, na mpishi aitikie kila anachosikia. Ndiyo maana leo maktaba ya YAML ya Python ina njia salama ya kusoma, inayokubali maneno, namba na orodha za kawaida tu. Na mhandisi makini huandika kwanza menyu: majina haya yanaruhusiwa, mengine yote hayapikwi hapa.