Watu Wazima na Shahada: Historia ya Kuingia na Kuhitimu Chuo Kikuu Tanzania Tangu Mwaka 1961

Historia ya elimu ya watu wazima nchini Tanzania imeandikwa kwa kiasi kikubwa kama historia ya kufuta ujinga. Kampeni za kusoma na kuandika, vipindi vya redio na vikundi vya kusomea vijijini vimepata watafiti wengi, wa ndani na wa nje. Mtu mzima mwingine amepata nafasi ndogo katika maandishi hayo. Huyu ni yule aliyekwisha kujua kusoma, aliyekuwa na kazi na familia, na aliyekosa cheti cha elimu ya juu kwa sababu nafasi zilikuwa chache alipokuwa kijana. Makala haya yanafuatilia njia zilizowekwa kwa ajili yake tangu uhuru. Hoja inayojengwa ni kwamba sera zilijishughulisha sana na swali la nani aruhusiwe kuingia chuoni. Swali la nini kitamwezesha mtu huyo kumaliza liliachiwa yeye mwenyewe, jamaa zake na mwajiri wake.

Mwaka 1961 unafaa kuwa mahali pa kuanzia. Mwezi Oktoba, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa kikiwa na wanafunzi 13 wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka huohuo, ng'ambo ya bandari ya jiji hilohilo, kilianza Chuo cha Kivukoni, ambacho waasisi wake walikiiga kutoka Chuo cha Ruskin cha Oxford, kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi. Chuo cha kwanza kilipokea watu kwa vyeti vyao, na cha pili kilipokea makatibu wa chama, viongozi wa ushirika na wa vyama vya wafanyakazi kwa uzoefu wao. Kivukoni kilifundisha uchumi, siasa na utawala kwa kiwango cha kuheshimika, lakini hakikutoa shahada. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo mtu mzima alipata maarifa upande mmoja wa maji, na ithibati ya maarifa hayo ikabaki upande wa pili.

Njia ya kuunganisha pande hizo ilikuwa utaratibu wa kujiunga na chuo kikuu kwa sifa ya umri mkubwa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo mizizi yake ni tawi la masomo ya nje lililoanzishwa na Chuo cha Makerere mwaka 1960 na baadaye kuwekwa chini ya chuo cha Dar es Salaam, ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya maandalizi. Katika utaratibu huo kama ulivyokuja kuimarika, mwombaji alipaswa kuwa na umri wa miaka 25 au zaidi. Aliyetegemea cheti cha kidato cha nne alitakiwa awe amekipata angalau miaka mitano kabla. Vilevile alitakiwa kuwa amehudhuria madarasa ya taasisi, kupata pendekezo la mkufunzi mkazi, na kufaulu mtihani maalumu.

Masharti hayo yana busara yake. Miaka mitano nje ya shule ilihesabiwa kuwa sehemu ya elimu ya mtu, jambo ambalo mifumo mingi ya udahili hailikubali hata leo. Hata hivyo, sharti la madarasa lilimpendelea mkazi wa mji. Karani wa Dar es Salaam aliweza kutoka ofisini saa tisa na kufika darasani jioni. Mwalimu wa shule ya msingi aliyekaa mbali na makao makuu ya mkoa hakuwa na darasa la kuhudhuria wala mkufunzi wa kumfahamu, na masomo kwa njia ya posta, yaliyoanzishwa na taasisi mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalimfikia kwa kadiri barua zilivyofika.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilipokutana Musoma. Azimio la Musoma linakumbukwa zaidi kwa elimu ya msingi kwa wote, lakini kwa chuo kikuu lilikuwa tetemeko. Mhitimu wa kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda chuoni moja kwa moja. Alipaswa kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa mwaka mmoja, kisha kufanya kazi kwa angalau miaka miwili, na hatimaye kupendekezwa na mwajiri pamoja na tawi la chama kazini. Kumbukumbu ya Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya kulitumikia jeshi hilo na Rais Nyerere akawarudisha nyumbani karibu 400 kati yao, haikuwa mbali. Uongozi ulitaka msomi aliyekwisha kuonja kazi na kuwajibika mbele ya wenzake.

Katika maelezo mengi ya kipindi hiki Azimio la Musoma huelezwa kuwa ushindi wa mtu mzima katika elimu ya juu. Tafsiri hiyo inahitaji kupunguzwa makali. Azimio lilibadili umri wa mwanafunzi, lakini kwa sehemu kubwa halikubadili ni nani aliyekuwa mwanafunzi. Kijana aliyefaulu kidato cha sita akiwa na miaka 19 alicheleweshwa hadi akawa na miaka 22 au 23, na takwimu zikamhesabu kuwa mfanyakazi aliyerudi masomoni. Mtu huyu ni mzima kwa amri. Mzima wa pili, aliyeachwa nje na uhaba wa nafasi za sekondari katika miaka ya 1940 na 1950, aliendelea kutegemea mtihani wa umri mkubwa kama zamani. Kuwaweka wote wawili chini ya jina moja kumewafanya watafiti waione sera kuwa pana kuliko ilivyokuwa.

Matokeo kwa wanawake yanaonesha jambo hili kwa uwazi zaidi kuliko nadharia yoyote. Miaka mitatu ya kusubiri iliangukia katika umri wa ndoa na uzazi, na idadi ya wanawake waliojiunga ikapungua kiasi cha kulazimisha msamaha ndani ya muda mfupi. Fani za sayansi na uhandisi nazo, Kitivo cha Uhandisi kikiwa kimefunguliwa mwaka 1973 tu, zilipata shida ya kujaza nafasi, na masharti yakalegezwa. Misamaha hiyo ni ungamo la kisera: muda wa mtu mzima tayari una wenyewe, na hauwezi kusogezwa bila gharama. Kuhusu pendekezo la mwajiri, ni dhahiri kwamba lilimpa mkuu wa kazi mamlaka juu ya mustakabali wa aliye chini yake, na mkuu huyo hakuwa na sababu kubwa ya kumwachia mfanyakazi aliye hodari. Baada ya Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta kutoa ripoti yake mwaka 1982, mfumo huo uliachwa hatua kwa hatua.

Kuna suala la lugha ambalo wanahistoria wa udahili hulipita haraka. Kampeni kubwa za Taasisi, yaani Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, ziliendeshwa kwa Kiswahili, na zilithibitisha kwamba mambo mazito ya tiba na lishe yanaweza kufundishwa kwa mamilioni katika lugha hiyo. Shahada ilibaki kuwa ya Kiingereza. Kijana aliyetoka kidato cha sita alifika chuoni akiwa bado ndani ya lugha ya darasa. Mtu mzima aliyefanya kazi miaka 10 katika ofisi ya wilaya, ambako barua, vikao na taarifa vilikuwa kwa Kiswahili hasa baada ya mwaka 1967, alirudi kwenye lugha aliyoiacha. Uzoefu uleule uliomstahilisha kuingia ndio uliomtenga na lugha ya mitihani. Si rahisi kupata mfano bora zaidi wa namna kigezo cha kuingia na kigezo cha kuhitimu vinavyoweza kuvutana ndani ya mwanafunzi mmoja.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na kuzinduliwa rasmi Januari 1994, kilikuwa jibu kwa mwalimu yule wa mbali. Chini ya Makamu Mkuu wake wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari, chuo kilijenga vituo mikoani, na kwa mara ya kwanza shahada haikudai mtu aache kazi. Wahitimu wa kwanza walipatikana mwishoni mwa miaka ya 1990. Kanuni za chuo zilimruhusu mwanafunzi kutumia hadi miaka minane kwa shahada ya kwanza. Ulegevu huo ni ukarimu, na bila huo wengi wasingethubutu kuanza. Lakini miaka minane katika maisha ya mtu mwenye miaka 40 hukutana na uhamisho wa kazi, misiba, ada za watoto na maradhi ya wazazi. Gharama ya kumaliza, ambayo zamani ilibebwa kwa sehemu na bweni na serikali, ilihamia mezani kwa mwanafunzi usiku.

Upande wa fedha unaonesha mvutano huo hadi sasa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, na miongozo yake ya miaka ya karibuni imemtaka mwombaji asizidi umri wa miaka 35, asiwe na kipato cha ajira, na awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyotangulia. Miongozo hiyo ikisomwa pamoja na masharti ya umri mkubwa, mtu mzima hubaki na dirisha la miaka 10, kati ya 25 na 35. Hata ndani ya dirisha hilo, nyaraka hizi mbili zinaihesabu miaka nje ya shule kwa vipimo vinavyopingana: aliyeingia kwa cheti cha kidato cha nne alitakiwa na chuo awe ameachana na shule kwa miaka isiyopungua mitano, na bodi ya mikopo inamtaka mhitimu ambaye miaka hiyo haijazidi mitano.