Shule iliyokataa kujifungia geti

Pita mjini asubuhi. Magari yanashusha wanafunzi wenye sare zilizopigwa pasi, mlinzi anafungua geti kidogo, na pembeni mtoto wa rika lao anauza karanga. Tumeshazoea. Leo nataka nikusimulie shule moja iliyokataa kuzoea.

Inaitwa Loreto Day School, Sealdah, katikati ya jiji la Kolkata, India. Ni shule ya kutwa ya wasichana, ya masista Wakatoliki wa Loreto. Masista hao walifunga safari kutoka Ireland mwaka 1841, na shule hii ikaanza mwaka 1857. Jina la Loreto si geni kwetu: Kenya walifika mwaka 1921, na marehemu Wangari Maathai alisoma Loreto Limuru.

Jirani na shule ni stesheni ya treni ya Sealdah. India ilipogawanywa mwaka 1947, wakimbizi waliolala pale stesheni walikuwa maelfu. Kwa hiyo umaskini haukuwa habari ya kusoma gazetini. Ulikuwa nje ya ukuta.

Mwaka 1979 akaja mwalimu mkuu mpya, Sista Cyril Mooney, mzaliwa wa Ireland. Alikuta wanafunzi 790, na 90 tu ndio waliosoma bila kulipa ada. Kufikia mwaka 1998 walikuwa 1,400, na nusu yao hawalipi. Wote darasa moja, sare moja.

Lakini kubwa zaidi lilikuja mwaka 1985. Aliwafungulia watoto wa mitaani geti, akauita mpango huo Rainbow, yaani upinde wa mvua. Waliingia saa yoyote waliyoweza, maana mtoto anayeokota taka ili ale hawezi kufuata kengele. Na nani aliwafundisha? Wanafunzi wenyewe wa shule ile, mmoja kwa mmoja, tena kazi hiyo ikiwa kwenye ratiba kama hesabu au jiografia. Aliyekuwa tayari alitafutiwa nafasi katika shule ya kawaida. Baadaye wasichana wasio na pa kulala wakawa wanalala hapo hapo shuleni.

Utasema shule iliporomoka? Wapi! Mwaka 1994 ilipata tuzo ya UNESCO ya kufuta ujinga, na mwaka 2007 serikali ya India ikamtunuku Sista Cyril nishani ya Padma Shri. Aliachia ukuu wa shule mwaka 2011, akafariki mwaka 2023.

Kinachonigusa ni hiki: majengo yalikuwepo, walimu walikuwepo, na watoto maskini walikuwepo nje tangu zamani. Ilichukua miaka 128 mtu kuviunganisha. Shule zetu kongwe hupenda kujisifia umri na majina ya waliopita pale. Sawa. Lakini yule muuza karanga pale getini, yeye anahesabiwa wapi katika historia hiyo?

Wewe uliyesoma nyuma ya geti, kama mimi, unasemaje?