Kusomea kazi za nyuma ya pazia: mfano wa Glenwood, Durban

Kila onyesho la tamthilia lina watu wasioonekana na watazamaji. Ndio wanaojenga mandhari, wanaoshona maleba, wanaoelekeza taa na kuhakikisha kuwa kila jambo linatokea kwa wakati wake.

Kwetu Afrika Mashariki kazi hiyo mara nyingi huachiwa fundi yeyote aliye karibu. Nchini Afrika Kusini ni taaluma inayosomewa chuo kikuu, na miongoni mwa mahali ilipoota mizizi ni Glenwood, mtaa ulio kwenye kilima cha Berea jijini Durban.

Chuo cha kilimani

Hapo ndipo ilipo kampasi ya Howard College ya Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, kilichoundwa Januari mwaka 2004 baada ya kuunganishwa Chuo Kikuu cha Natal na kile cha Durban-Westville.

Masomo ya drama katika chuo cha Natal yaliasisiwa mwaka 1949 na Elizabeth Sneddon. Ukumbi wa maonyesho wa kampasi, uliofunguliwa mwaka 1981, una jina lake. Matamasha kama Jomba!, la dansi, na Poetry Africa, la mashairi, yamekuwa yakiutumia, hivyo mwanafunzi hupata nafasi ya kuona mafundi wazoefu wakiwa kazini.

Jijini humo pia, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban kina idara ya drama na utayarishaji wa maonyesho, pamoja na ukumbi wake uitwao Courtyard.

Husomwa nini?

Mwanafunzi wa ubunifu wa jukwaa huanza na maandishi, si na nyundo. Huisoma tamthilia na kujiuliza: ni wapi, ni lini, nani anaingia na anaingilia wapi? Baada ya hapo huchora ramani ya jukwaa na kutengeneza kielelezo kidogo, mara nyingi kwa kipimo cha moja kwa 25. Mlango wa mita 2 huwa na urefu wa sentimita 8.

Upande wa ufundi una hesabu zake. Taa moja ya wati 1,000, katika umeme wa volti 230, huvuta zaidi ya ampea 4. Taa 20 za aina hiyo zikiwashwa pamoja huhitaji karibu ampea 87. Asiyejua hesabu hiyo anaweza kuunguza nyaya, na ukumbi pia. Taa za kisasa za LED hutumia umeme mdogo zaidi, lakini bado huning'inizwa juu ya vichwa vya watu, na anayezifunga hubeba dhamana ya uhai wao.

Yuko pia meneja wa jukwaa, ambaye hukaa na nakala ya tamthilia iliyotiwa alama na kutoa ishara ya kila badiliko la mwanga na sauti. Onyesho likishaanza, yeye ndiye anayeliongoza.

Waliofungiwa mlango

Historia ya Glenwood ina doa lake. Katika enzi ya ubaguzi wa rangi, wanafunzi wasio Wazungu wa chuo cha Natal walisomeshwa kwa kutengwa, na sheria ya mwaka 1959 iliwazuia Waafrika kujiandikisha katika vyuo vya Wazungu bila kibali cha serikali.

Hata hivyo, ni katika jukwaa la wazi la chuo hicho, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambapo uMabatha ya Welcome Msomi, yaani kisa cha Macbeth katika mazingira ya Wazulu, ilioneshwa. Mwaka 1972 ilipelekwa London katika ukumbi wa Aldwych. Mwafrika aliweza kushangiliwa jukwaani, huku mlango wa darasa linalofundisha elimu ya jukwaa hilo ukiwa umefungwa mbele yake.

Kumbukumbu ya Kamirithu

Msomaji asidhani kwamba maarifa haya ni mageni kwetu. Mwaka 1977, huko Kamirithu karibu na Limuru nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi walijijengea ukumbi wa wazi kwa ajili ya Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Walipanga ramani yake kwa njiti za kiberiti ardhini, kisha wakatengeneza kielelezo.

Serikali ililipiga marufuku onyesho hilo mwaka huo huo, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Watawala walielewa kwamba jukwaa lililojengwa na wananchi lina nguvu yake.

Kwa anayetaka kwenda

Mwombaji kutoka Afrika Mashariki ahakikishe mapema kwamba cheti chake cha sekondari kinakubalika Afrika Kusini, apate viza ya mwanafunzi, na aulize mamlaka ya elimu ya juu ya nchi yake iwapo shahada hiyo itatambuliwa atakaporudi. Akusanye pia michoro na picha za kazi alizowahi kufanya, hata kama ni za shuleni.

Atakaporejea, kazi haitakuwa ya tamthilia pekee. Televisheni, matamasha ya muziki, mikutano na hata harusi huhitaji mtu anayejua taa, sauti na usalama. Linalobaki ni sisi kukubali kwamba fundi huyo naye ni msomi, na kumlipa ipasavyo.