Makombo ya Granite Park

Kwetu dubu ni mnyama wa vitabuni, kwa hivyo niliposoma kuhusu usiku wa kuamkia Agosti 13, 1967, kilichonishika si meno yake. Ni makombo.

Usiku huo, katika Hifadhi ya Glacier jimboni Montana, Marekani, dubu wawili tofauti waliwaua wasichana wawili wa miaka 19 waliolala nje: mmoja karibu na nyumba ya wageni ya Granite Park, mwingine kando ya ziwa Trout. Hifadhi ilikuwa na miaka 57, na dubu hakuwa ameua mtu humo. Watu wakatafuta sababu. Eti radi. Eti vipodozi. Eti hedhi! Yaani msichana auawe, kisha ashtakiwe yeye.

Na kumbe pale Granite Park mabaki ya jikoni yalimwagwa nje, wageni wakakaa jioni kuwatazama dubu wakila. Yule wa Trout naye alikuwa ashazoea kuvamia kambi kutafuta chakula, na malalamiko yalishapelekwa. Kwa dubu wa aina hiyo, harufu ya mtu ni harufu ya sahani.

Askari wa hifadhi waliwapiga risasi dubu kadhaa. Hapo ndipo sheria zikakazwa: chakula kining'inizwe juu, upike mbali na unapolala, taka ulizokuja nazo urudi nazo. Miaka michache baadaye Yellowstone nayo ikafunga majalala yake. Huko, zamani, watalii walikuwa wamejengewa hadi viti vya kutazamia dubu wakila.