Kutoka Daftari la Muuzaji Hadi Funguo za Mtandaoni: Stori ya CRM na Washenga Wake

Muuzaji wa zamani alikuwa na mali moja ambayo bosi wake hakuweza kuigusa: kijitabu cha wateja. Humo kulikuwa na majina, namba za simu, nani analipa kwa wakati, nani anapiga chenga, na nani ana mgonjwa nyumbani ili asisahau kumpa pole. Marekani, miaka ya 1950, kikaja kifaa cha mezani kiitwacho Rolodex, kadi zinazozunguka kwenye mhimili. Muuzaji mkali akihama kampuni, anahama na kadi zake. Bosi anabaki na kiti kitupu.

Hapo ndipo inapoanzia stori ya CRM, yaani programu za kusimamia uhusiano na wateja. Wengi wanaichukulia kama mambo ya IT tu, lakini tangu mwanzo swali lilikuwa la umiliki: mteja ni wa nani, na nani kashika ufunguo?

Kadi zaingia kwenye kompyuta

Mwaka 1987 jamaa wawili wa Dallas walitoa programu iitwayo ACT! iliyoweka kadi zile ndani ya kompyuta. Bado lilikuwa daftari la mtu mmoja. Mwaka 1993, kule California, muuzaji mmoja hodari aliyewahi kufanya kazi Oracle akaanzisha Siebel Systems. Huyu alilenga makampuni makubwa: wateja wote kwenye kanzidata moja, mashine zinakaa ofisini, mafundi wanafunga mfumo kwa miezi kadhaa.

Kwa bosi ilikuwa raha. Kwa muuzaji, karaha. Anatoka kwa mteja, anatuma imeili huku, anaandika miadi kwenye kalenda kule, halafu jioni anatakiwa arudie yale yale kwenye mfumo. Wengi walikuwa wanapotezea. Matokeo yake mfumo wa hela nyingi unajaa taarifa zilizochacha, na ukweli unabaki kwenye imeili za watu.

Maandamano ya kukodi

Machi 1999 akatokea mwingine kutoka Oracle, safari hii aliyekuwa makamu wa rais. Akiwa na watengeneza programu watatu, alianzisha Salesforce kwenye nyumba ya kupanga jijini San Francisco. Wazo lao: usinunue mfumo wala usifunge mashine. Fungua intaneti, ingia, lipa kwa mwezi.

Jamaa alijua kutafuta kiki. Februari 2000, Siebel walipokuwa na mkutano wa wateja wao San Francisco, nje wakatokea watu na mabango wakitangaza mwisho wa programu za kufunga kwenye mashine. Walikuwa waigizaji waliokodiwa. Mji mzima ukaongea.

Kilichopita kimya kimya mwezi huo huo ndicho kilichokuja kubadilisha mambo. Salesforce walitoka na API, mlango rasmi ambao programu nyingine inaweza kubisha, ikaonyesha kitambulisho, ikachukua au kuacha taarifa bila binadamu kukaa hapo kunakili. Mwaka 2006 wakafungua AppExchange, soko ambalo watengenezaji wa nje wanauza programu zinazokaa juu ya CRM yao. Januari ya mwaka huo huo Oracle ilikamilisha kuinunua Siebel kwa takriban dola bilioni 5.85. Mtoto aliyetoka nyumbani akarudi, na yule mwingine akabaki mtaani akitanua.

Ndoa na imeili

Sasa ikabaki kero ya muuzaji na kazi yake ya kurudia. Microsoft waliiona mapema. Mwaka 2003 walitoa CRM yao ikiwa imeshikamana na Outlook, programu ya imeili ambayo watu wa mauzo walikuwa wanashinda humo kutwa nzima. Upande wa pili Google walikuwa na Gmail tangu 2004, kisha mwaka 2006 wakaongeza kalenda na nyaraka za mtandaoni.

Aprili 2008 Salesforce na Google wakatangaza ndoa. Imeili inayotoka Gmail inajiandika yenyewe kwenye faili la mteja, miadi inatokea kwenye kalenda, na nyaraka zinafunguliwa humo humo. Wote wawili walikuwa na mshindani mmoja, Microsoft, kwa hiyo mahari haikuwa tatizo.

Baada ya hapo washenga wakawa wengi. Desemba 2010 Salesforce walitoa kama dola milioni 212 kuinunua Heroku, jukwaa la watengeneza programu kurusha kazi zao hewani. Mwaka 2011 vijana watatu wa Columbia, Missouri wakaanzisha Zapier, inayomruhusu hata asiyejua kuandika programu kuunganisha hiki na kile: fomu ikijazwa, mteja anaingia kwenye CRM na ujumbe unatumwa ofisini. Slack nayo ilizaliwa kwa bahati. Ilitokana na chombo cha mawasiliano ambacho timu moja ilijitengenezea wakati inaunda gemu. Gemu lilifungwa mwaka 2012, chombo kikabaki, na mwaka 2021 Salesforce wakakamilisha kukinunua kwa dili la dola bilioni 27.7.

Afrika Mashariki haikukaa pembeni. Mwaka 2017 Safaricom ya Kenya ilipofungua API za M-Pesa kwa mfumo mpya, iliziita Daraja. Jina halihitaji tafsiri. Malipo ya mteja yakaweza kuingia moja kwa moja kwenye mfumo wa mfanyabiashara bila mtu kukaa anasoma SMS na kunakili.

Nani kashika ufunguo?

Kila daraja linahitaji ruhusa ya kuvuka. Zamani programu ya nje ilikuwa inakuomba paswedi yako kabisa, sawa na kumpa fundi ufunguo wa nyumba nzima kwa sababu bomba la jikoni linavuja. Desemba 2007 ukatoka utaratibu uitwao OAuth: badala ya paswedi, programu inapewa tokeni, kama kadi ya hoteli inayofungua chumba chako tu, na mapokezi wanaweza kuizima muda wowote.

Shida ni kwamba kadi ya hoteli haiulizi aliyeishika ni nani.

Agosti 2025 hilo likaonekana mchana kweupe. Wezi wa mtandaoni walitumia tokeni za Drift, programu ya kuchati na wateja iliyokuwa chini ya kampuni ya Salesloft, wakaingia kwenye Salesforce za makampuni mengine. Hawakuvunja mlango wa Salesforce. Uchunguzi ulionyesha kwamba miezi kadhaa nyuma walikuwa wameshaingia kwenye akaunti ya GitHub ya Salesloft, mahali watengeneza programu wanapohifadhi kazi zao, na safari ya kufikia tokeni ikaanzia hapo. Google walikadiria kwamba mashirika zaidi ya 700 huenda yaliguswa. Miongoni mwa waliojitokeza kukiri ni makampuni ya usalama wa mtandao yenyewe, Cloudflare, Zscaler na Palo Alto Networks.

Na walichokuwa wanakitafuta humo si namba za simu tu. Walipekua meseji za wateja walioomba msaada, kwa sababu mtu akikwama huwa anabandika kila kitu: paswedi, funguo za mifumo mingine, mipangilio ya ndani. Cloudflare peke yao walikuta funguo zao 104 kwenye mzigo ulioibwa, wakazibadilisha zote.

Tokeni za Drift zilizimwa tarehe 20 Agosti. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kizamani kabisa: kila kampuni kukaa chini na kuorodhesha imempa nani ufunguo, wa chumba gani, na tangu lini. Kuna waliokuta funguo za programu walizoacha kuzitumia kitambo, bado zinafungua.

Zamani mteja alijua daftari lenye jina lake liko mfukoni mwa nani. Siku hizi anaongea na muuzaji mmoja, na maneno yake yanapita mikononi mwa washenga ambao hata muuzaji hawajui.